Magulio ya Vijijini China na Maofisa Wake Wakati wa Mageuzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara watu wanapozungumzia jinsi China ilivyotoka kwenye mgawo wa serikali na kuingia sokoni, katika mageuzi yaliyoanza mwishoni mwa 1978. Mwenye haraka asome swali la 9 na la 12. Mengine mengi yanazunguka hapo.

## Misingi

1. Soko la kijijini la China ni soko la namna gani?

Ni gulio. Halifunguliwi kila siku, wala halifuati siku za juma. Mwezi hugawanywa katika makumi matatu, na kila gulio lina tarehe zake ndani ya kila kumi. Moja huwa tarehe zinazoishia na 1, 4 na 7, la jirani 2, 5 na 8, la tatu 3, 6 na 9. Mchuuzi mwenye mzigo wake begani anaweza kuyazunguka yote matatu bila siku kugongana. Kwingine, hasa kaskazini, gulio huja mara mbili tu katika siku kumi: lile la Licun, Qingdao, lenye umri wa karne kadhaa, mpaka leo huwa tarehe zinazoishia na 2 na 7 za kalenda ya mwezi.

Kaskazini huitwa *ji*, Sichuan *chang*, kusini *xu*. Watu wa kaskazini hawasemi "kwenda" gulioni, husema *gan ji*, yaani kuliwahi, kama mtu anayewahi basi. Gulio la kawaida la zamani lilihudumia karibu vijiji 18, umbali ambao mtu anaweza kwenda na kurudi kwa miguu siku hiyohiyo. Na si kuuza tu: hapo ndipo mshenga alipotafuta mchumba, mdai alipomkuta mdaiwa wake, na wazee wa Sichuan walipoamua kesi ndogondogo katika nyumba za chai.

2. Mnaposema "maofisa", ni akina nani hasa?

Ngazi zinashuka hivi: Beijing, jimbo, mkoa, wilaya, tarafa, kijiji. Anayelipwa mshahara na serikali kwa kawaida anaishia tarafani. Katibu wa Chama (Chama cha Kikomunisti) wa kijiji ni mkulima mwenzao mwenye muhuri.

Mwenye meza gulioni alikutana na ofisi ya viwanda na biashara (leseni, ushuru wa soko, faini), kituo cha nafaka, watu wa kodi, na ushirika wa ugavi na uuzaji, ambao ulikuwa mshindani wake na wakati huohuo mkono wa serikali. Wachina huzitaja ofisi za tarafa kwa pamoja kama "vituo saba na ofisi nane". Hesabu hiyo si kamili. Ni namna ya kusema kwamba milango ni mingi na kila mmoja una anayenyoosha mkono.

## Kabla ya 1978

3. Kwa nini serikali ilijitwalia biashara ya nafaka?

Ilitaka viwanda, na viwanda vilihitaji wafanyakazi wanaokula kwa bei ndogo. Mwaka 1953 ikaanzisha ununuzi na uuzaji wa pamoja: mkulima auze ziada yake kwa serikali tu, kwa bei ya serikali, na mtu wa mjini anunue kwa kuponi. Mfanyabiashara wa nafaka akatolewa katikati. Kuponi hizo zilidumu hadi mwaka 1993 katika sehemu kubwa ya nchi. Gulioni vikabaki kuku, mayai, mboga, vikapu na nguruwe wachanga.

4. Kwa hiyo magulio yalifutwa kabisa?

Hapana, ingawa jaribio lilifanyika. Mwaka 1958, zilipoundwa komuni za watu, yaani vijiji vilivyounganishwa kulima kwa pamoja, mengi yalifungwa. Njaa kubwa ilipofuata, yakaruhusiwa tena, kwa kuwa watu walihitaji njia yoyote ya kupata chakula.

Enzi ya Mapinduzi ya Utamaduni (1966 hadi 1976) ilikuja mbinu ambayo mimi naiona ya werevu mbaya. Badala ya kufunga gulio, maofisa walibadilisha tarehe: magulio yote ya eneo yalazimishwe kuwa siku moja, mara nyingi mara moja tu kwa siku kumi. Rudi swali la 1 uone kilichovunjika hapo. Mchuuzi hawezi kuwa mahali patatu kwa siku moja, kwa hiyo mzunguko wote ukafa bila hata gulio moja kupigwa marufuku.

Mwaka 1975 na 1976 wilaya ya Zhangwu, jimbo la Liaoning, ikawa mfano wa kitaifa kwa "gulio kubwa la kisoshalisti" la komuni ya Ha'ertao. Wakulima walikwenda kwa maandamano, wakiwa na bendera na ngoma, kuuza bidhaa zao kwa ushirika kwa bei ya serikali. Kwa macho lilikuwa gulio hasa, ila lilikuwa na mnunuzi mmoja.

5. Mfanyabiashara alikuwa na kosa gani kisheria?

Kosa lilikuwa kununua huku na kuuza kule kwa faida. Kwa Kichina liliitwa *touji daoba*, na neno letu "ulanguzi" linalibeba vizuri kuliko tafsiri yoyote. Msomaji wa Tanzania aliyekuwa na akili zake mwaka 1983, wakati wa msako wa walanguzi na wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, hahitaji maelezo zaidi. Nchini China kosa hilo liliingizwa katika sheria ya jinai ya 1979, yaani baada ya mageuzi kutangazwa, na halikutoka humo hadi 1997. Kwa karibu miaka 20 ya mwanzo wa mageuzi, ofisa aliyetaka kumkamata mchuuzi alikuwa na sheria mkononi, na aliyetaka kumwacha alikuwa na sera ya Chama.

## Milango inafunguka

6. Ni kweli wakulima wa Xiaogang ndio walioanzisha mageuzi?

Walithubutu, hilo ni kweli. Mwishoni mwa 1978 watu 18 wa kijiji cha Xiaogang, wilaya ya Fengyang, jimbo la Anhui, waligawana mashamba ya pamoja kwa siri na kuweka alama za vidole kwenye karatasi. Waliandika kwamba viongozi wao wakifungwa, wengine watawalea watoto wao hadi wafike miaka 18.

Ila hadithi ikiishia hapo inapotosha. Karatasi ile ingekuwa ushahidi wa mahakamani kama katibu wa Chama wa jimbo, Wan Li, asingefumba macho na baadaye kuunga mkono. Kule Sichuan, katibu wa Chama wa jimbo hilo, Zhao Ziyang, naye aliwalegezea wakulima. Wananchi wakatunga msemo: ukitaka kula wali mtafute Wan Li, ukitaka nafaka mtafute Ziyang.

7. Bei ya nafaka ilipandishwa, mavuno yakaongezeka. Sasa tatizo lilikuwa wapi?

Tatizo lilikuwa ghala. Mwaka 1979 serikali ilipandisha bei ya mgawo wa lazima, yaani kiasi ambacho mkulima alilazimika kuiuzia, kwa asilimia 20, na kwa kila gunia juu ya mgawo ikaongeza asilimia 50. Mavuno yakapanda kutoka tani milioni 305 mwaka 1978 hadi milioni 407 mwaka 1984. Maghala yakajaa na hazina ikalemewa, kwani serikali ilinunua ghali na kuuza mjini kwa bei ileile ya zamani.

Mwaka 1985 ikafuta ununuzi wa pamoja na kuleta "mkataba". Bei mpya ikawa mchanganyiko: asilimia 30 ya mzigo kwa bei ya mgawo, asilimia 70 kwa bei ya juu. Ukisoma haraka unadhani mkulima kanufaika. Kumbuka hata hivyo kwamba zamani gunia lake la mwisho lilipata bei ya juu nzima, na sasa hata gunia la mwisho lilipata bei ya kuchanganya. Akapunguza kupanda, na mavuno ya 1985 yakashuka hadi tani milioni 379. Maofisa wakageuka: "mkataba" ukawa wa lazima, na kuanzia 1987 mbolea ya bei nafuu, dizeli na malipo ya awali vikafungamanishwa na nafaka uliyoileta. Jina la mkataba lilibaki, hiari ndiyo iliyoondoka.

8. Yiwu ilianzaje?

Ilianza kwa manyoya ya kuku. Yiwu, jimbo la Zhejiang, ina udongo dhaifu. Wakulima wake tangu zamani walitembea vijijini na vikapu viwili kwenye mpiko, wakitikisa kingoma kidogo cha mkono, wakibadilisha sukari ngumu ya kumung'unya na manyoya ya kuku. Manyoya mazuri yalitengenezewa vifagio vya kupangusia vumbi, mabovu yakaenda shambani kuwa mbolea. Polepole kwenye kile kikapu cha sukari zikaingia sindano, vifungo na nyuzi. Hapo ndipo mtu alipogeuka mlanguzi.

Mwaka 1982 katibu mpya wa Chama wa wilaya, Xie Gaohua, alisimamishwa nje ya ofisi yake na mchuuzi mwanamke, Feng Aiqian, aliyechoka kufukuzwa mitaani. Alitaka kujua kwa nini haruhusiwi kupanga bidhaa zake. Katibu hakumfukuza. Septemba 1982 soko la vitu vidogovidogo la Huqingmen likafunguliwa rasmi, likifuatiwa na "ruhusa nne": mkulima aruhusiwe kuuza mjini, afanye biashara ya masafa marefu, soko la mji na vijiji liwe wazi, na njia nyingi za biashara zishindane.

Jambo ambalo watu hulipita haraka ni kodi. Utamtozaje mtu anayeuza sindano elfu kwa siku bila risiti? Wilaya ikaamua kiwango cha mkupuo kwa kila meza. Waliopinga walisema huko ni kuipunja serikali. Mchuuzi, kwa upande wake, alijua asubuhi atalipa kiasi gani jioni, na kila alichouza zaidi kilikuwa chake.

9. Kwa nini ofisa akubali soko ambalo sheria bado ililitilia shaka?

Kwa sababu ya jiko. Hadi 1980 mapato yalikwenda juu na matumizi yakarudi chini kwa idhini, wote wakila sufuria moja. Mwaka huo Beijing ilileta utaratibu ambao wenyewe waliuita "kula kwenye majiko tofauti": jimbo likubaliane na Beijing kiasi cha kupeleka juu, kinachobaki libaki nacho. Majimbo yakafanya hivyohivyo na wilaya, wilaya na tarafa. Ghafla meza ya mchuuzi ikawa mshahara wa mwalimu, lami ya barabara, na gari la katibu pia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosimulia mageuzi haya kama vita kati ya soko na urasimu. Katika miaka ya 1980 soko lilikua kwa kuwa ofisa naye alikula humo. Tarafa nyingi hazikuruhusu biashara tu, zilimiliki viwanda zenyewe: viwanda vya tarafa na vijiji viliajiri watu milioni 28 mwaka 1978 na milioni 135 mwaka 1996. Deng Xiaoping mwenyewe, kiongozi mkuu wa mageuzi, alikiri mwaka 1987 kwamba jambo hilo hawakulitarajia kabisa.

10. "Kofia nyekundu" ni nini?

Ni kiwanda cha mtu binafsi kilichoandikishwa kama mali ya kijiji au tarafa. Mwenyewe hulipa ada kila mwaka, tarafa humpa muhuri, akaunti ya benki na jina. Wenzhou, Zhejiang, ndiko kofia hizi zilikovaliwa sana, na sababu inaeleweka. Mwaka 1982 mji mdogo wa Liushi ulishuhudia msako dhidi ya wafanyabiashara wanane waliojulikana kama "wafalme": kulikuwa na mfalme wa skrubu, mfalme wa koili, mfalme wa vitu chakavu. Majina yao yalisafishwa rasmi mwaka 1984. Aliyeona hayo hakuthubutu kutembea kichwa wazi.

Kofia ilikuwa rahisi kuvaa. Kuivua ilikuwa kesi: miaka ya 1990, viwanda vilipokuwa na thamani, tarafa fulani zilidai kwamba jina lililo kwenye karatasi ndilo lenye mali.

## Mkono unapogeuka

11. Je, kuna mfano mmoja unaoonyesha ofisa na soko wakigongana waziwazi?

Upo: Cangshan, Shandong, Mei 1987. Wilaya hiyo ni maarufu kwa kitunguu saumu, na zao la masika si kichwa bali kikonyo laini cha kijani kinachokaangwa na nyama. Kikonyo hicho hakisubiri. Kikikaa juani siku chache kinanyauka na kuwa manjano.

Viongozi walikuwa wamewahimiza wakulima kupanda kwa wingi, wakapanda. Mavuno yalipofika, kila ofisi iliona mlango wake. Njiani na sokoni tozo zikarundikana, wanunuzi wa nje wakaona haiwalipi kuja, bei ikaanguka. Wakulima waliofunga mikokoteni yao alfajiri walirudi jioni na mzigo uleule, wakiwa wamelipa ushuru wa kitu ambacho hakikuuzika. Mwishowe maelfu waliuzingira uwanja wa serikali ya wilaya. Vikonyo vikamwagwa, madirisha yakavunjwa, baadhi ya watu wakafungwa.

Linganisha na Yiwu. Mchuuzi wa Huqingmen alilipa mara moja, akajua kiasi. Mkulima wa Cangshan alilipa kila kona, na hakuna ofisi iliyokuwa na jukumu la kuhesabu jumla. Kila moja ilichukua kidogo, kwa haki yake.

12. Kwa nini miaka ya 1990 inakumbukwa vibaya vijijini?

Jiko lilihamishwa. Mwaka 1994 Beijing iligawa kodi upya, na sehemu ya mapato yote ya serikali iliyokwenda moja kwa moja serikali kuu ikaruka kutoka asilimia 22 mwaka 1993 hadi karibu 56. Kazi hazikuhama. Shule, zahanati na mishahara vilibaki chini, na chini ya wote ni tarafa. Viwanda vya tarafa navyo vikaanza kuyumba. Aliyebaki wa kutozwa ni mkulima.

Kisheria michango haikutakiwa kuzidi asilimia 5 ya wastani wa pato la mwaka uliotangulia, kwa kanuni ya 1991. Kanuni hiyo ilikuwa na tundu lake, linaloelezwa swali la 14. Mfano wa ukali wenyewe ni kodi ya kuchinja nguruwe. Ofisa hana muda wa kuhesabu nguruwe, kwa hiyo sehemu nyingi aligawa kiwango cha tarafa kwa idadi ya vichwa vya watu au ukubwa wa shamba. Familia isiyowahi kufuga ikalipa kodi ya nguruwe.

Wilaya ya Renshou, Sichuan, ilichafuka mwaka 1993 kwa ghasia za wakulima waliopinga tozo. Mwaka 2000 katibu wa Chama wa tarafa moja ya Hubei, Li Changping, alimwandikia Waziri Mkuu Zhu Rongji kwamba wakulima wana dhiki kweli, vijiji ni maskini kweli, na kilimo kiko hatarini kweli. Barua hiyo ina uzito kwa sababu aliyeiandika ndiye aliyekuwa akitoza. Mwaka huohuo Anhui ilianza kufuta michango, na tarehe 1 Januari 2006 kodi ya kilimo ikafutwa nchi nzima.

13. "Karatasi nyeupe" ni nini?

Hati ya deni. Mkulima anapeleka nafaka kituoni, kituo hakina fedha, anaandikiwa karatasi. Mwaka 1992 ziliandikwa kwa wingi sana. Mara nyingi fedha zilitoka juu, zikaishia kwenye viwanja na majengo ya wilaya. Zilikuwepo pia "karatasi za kijani": hundi za posta ambazo vibarua waliokwenda mijini waliwatumia wazazi, na posta ya kijijini ikashindwa kuzilipa.

14. Takwimu za vijijini ziliaminika?

Kwa kiasi. Ofisa wa tarafa alipimwa kwa malengo aliyowekea saini: nafaka, mapato, viwanda, uzazi wa mpango. Katika baadhi ya malengo, kukosa moja tu kulifuta mafanikio yake yote. Juu walisukuma, kila ngazi ikaongeza kidogo, na aliye chini akaandika anachotakiwa kuandika. Wakulima walisema: maofisa huzaa namba, na namba huzaa maofisa.

Sasa rudi kwenye ile asilimia 5. Ukivimbisha pato la wananchi kwenye ripoti, unapata sifa, na papo hapo unapata haki ya kuwatoza zaidi, kwani asilimia inahesabiwa kutoka kwenye namba yako mwenyewe.

15. Kama soko lilikuwa huru, mbona majimbo yalizuiana mipakani?

Kila jiko lililinda kuni zake. Miaka ya 1980 kulikuwa na "vita" vya kugombea sufu na vifukofuko vya hariri. Hunan iliweka vizuizi ili mchele usivuke kwenda Guangdong, ambako bei ilikuwa nzuri zaidi. Mkulima wa mpakani alivusha usiku. Tangu 1995 gavana wa jimbo anawajibika kwa "gunia la mchele" la watu wake, na meya kwa "kikapu cha mboga".

## Maswali ya pembeni

16. Maofisa wote walikuwa wala rushwa?

Hapana, na swali likiwekwa hivyo linaficha kitu. Katika miaka ya bei mbili, tani ileile ya mbolea ilikuwa na bei ya mpango na bei ya soko, na tofauti ilimwendea mwenye kibali. Huo ulikuwa wizi, na hasira za 1988 zilikuwa na haki. Lakini tozo nyingi za Cangshan na za miaka ya 1990 zilikuwa na risiti, na fedha zake zililipa mishahara ya watu walioajiriwa kihalali.

17. Kwa nini baadhi ya wilaya zilistawi na jirani zake hazikustawi?

Jiografia ina sehemu yake. Ila tazama Shouguang, Shandong, jimbo lilelile la Cangshan. Mwaka 1983 kabichi za Kichina zilioza huko kwa kukosa wanunuzi. Mwaka uliofuata likafunguliwa soko la jumla la mboga, na mwaka 1989 kijiji cha Sanyuanzhu kikajenga vibanda vya kuhifadhi joto vya kulima mboga wakati wa baridi bila kuchoma makaa. Walioanza ni wanachama 17 wa Chama, kwa kuwa wengine waliogopa hasara. Uongozi wa wilaya ulitafuta wanunuzi kwanza.

18. Je, hili linahusianaje na mfanyabiashara wa Kariakoo au Gikomba?

Moja kwa moja. Soko la Yiwu analokwenda kufungasha kontena, lenye maduka yapatayo 75,000, ndilo mjukuu wa zile meza za Huqingmen.

19. Magulio yenyewe bado yapo?

Yapo, ingawa vijana wengi wako mijini. Vijiji vingine vimehamia mtandaoni: wilaya ya Cao, Shandong, inauza mavazi ya maigizo na majeneza ya mbao nyepesi yanayokwenda Japani. Kwingine tarehe zinazoishia na 2 na 7 bado zinajaa, safari hii na watu wanaorekodi video kwa simu. Ushuru wa soko wa ofisi ya viwanda na biashara ulifutwa tarehe 1 Septemba 2008. Anayepita na daftari siku hizi ni mtu wa mwenye uwanja, anakusanya kodi ya meza.